Mtoto Anakwenda Kusoma Nje: Tuogope Nini?

   

Ni msimu ule tena. Matokeo ya mitihani ya mwisho wa sekondari yametoka, barua za vyuo zinaingia kwenye simu, na kila mtaa una nyumba inayojadili safari. Huyu binti amepata nafasi India. Yule kijana wa jirani ameambiwa kuna ufadhili Urusi, tiketi ya ndege bure. Mwingine haendi mbali: anataka kujiandikisha chuo kikuu cha ULPGL pale Goma, Kongo, atoke nyumbani asubuhi na arudi jioni kwa miguu. Na nyumba zote hizo zina mama au baba anayeuliza: "Huko kwenyewe ni salama?"

Ni haki yake kuuliza. Ila swali likiulizwa hivyo halina jibu. Mfugaji wa Gishwati hanunui ng'ombe kwa sifa za kijiji alikotoka. Humkagua ng'ombe mwenyewe, meno, kwato na kiwele. Sisi kwenye masomo ya watoto tunaridhika na sifa za kijiji: "India pazuri," "Kongo pabaya," "Ulaya hakuna shida." Leo nataka tumkague ng'ombe. Na sidhani kama kuna mji unaofaa kuanzia ukaguzi huo kuliko Gisenyi yetu hii, inayopakana na Goma.

Kwetu sisi kusoma nje ya nchi hakuhitaji ndege. Unateremka, unafika kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, unaonyesha karatasi yako, umeshakuwa mgeni. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa mwaka 1976 na makao yake yakawekwa hapa hapa Gisenyi, miaka mingi kabla Rwanda haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Wanafunzi wamekuwa wakipishana pale mpakani muda wote huo. Wanyarwanda wanakwenda vyuo vya Goma, wakitafuta ada nafuu au masomo kwa Kifaransa. Wakongomani wanakuja shule na vyuo vya upande huu, wengine watoto wadogo wenye sare, kwa sababu mzazi anataka Kiingereza, au anataka mwaka wa masomo usiokatwakatwa na migomo na vita.

Sasa niambieni, upande upi wa mpaka huo ndio salama?

Julai 1994 Wanyarwanda kwa mamia ya maelfu walipita hapa kuingia Goma, na huko kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikaukata mji wa Goma, na safari hii watu wa Goma ndio waliomiminika Gisenyi. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza, watu wakavuka tena kuja huku. Mei 22, 2021, mlima ukalipuka tena, watu wakavuka tena. Lakini siku chache baadaye ardhi ikatetemeka hapa kwetu, kuta za nyumba za Gisenyi zikapasuka, na aliyekuja kuikimbia lava akajikuta analala nje pamoja na mwenyeji wake. Kisha ikaja Januari 27, 2025. Siku ile M23 walipoingia Goma kwa mara ya pili, risasi na makombora yalivuka mpaka bila kuulizwa hati, yakaua na kujeruhi watu wa Rubavu, wilaya yetu hii, wakiwa kwao.

Sisemi kwamba pande zote mbili zilikuwa sawa. Goma ilizika watu wengi mno wiki ile, na anayefananisha hasara zile mbili hawatendei haki wafiwa. Ninachosema ni kwamba mzazi wa Gisenyi aliyekuwa amemkataza mwanawe kuvuka, akamwandikisha chuo cha upande huu ili alale usingizi, siku ile alilala naye sakafuni. Kukaa nyumbani kulipunguza hatari, hakukuiondoa.

Na hatukuanza kujifunza hilo mwaka 2025. Mnaikumbuka shule ya Nyange, hapa hapa katika Jimbo la Magharibi. Usiku wa Machi 18, 1997, washambuliaji waliingia shuleni, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Watoto wale walikataa kutengana, na baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Leo taifa linawaheshimu kama mashujaa. Walikuwa nchini mwao, shuleni kwao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, waliovamiwa Aprili 2, 2015, wakafa watu 148, wengi wao walikuwa Wakenya ndani ya Kenya. Wanafunzi wa sekondari ya Mpondwe, Uganda, waliouawa Juni 2023, walikuwa karibu na makwao. Kwa hiyo anayesema "basi wote wabaki nyumbani" anatoa jibu rahisi, na historia ya eneo letu imeshamkatalia.

Sasa tuutazame mpaka kwa macho ya mwanafunzi, maana anachokiogopa mzazi na kinachomkwamisha mtoto mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Mzazi anaogopa volkano na bunduki. Mwanafunzi anayevuka kila siku anaogopa saa.

Juni 17, 2022, askari wa Kongo alivuka Petite Barrière akifyatua risasi, akauawa upande huu. Baada ya tukio lile Kongo ilifupisha saa za mpaka. Mahali palipokuwa panafungwa saa 4 usiku pakawa panafungwa saa 9 alasiri. Kwa mchuuzi ilikuwa hasara. Kwa mwanafunzi ilikuwa hesabu mpya kabisa. Kipindi cha mwalimu kinaisha saa 10. Ukikaa hadi mwisho, unalala Goma. Ukitoka mapema, unafeli. Mkongomani aliyekuwa akisoma masomo ya jioni Gisenyi naye hakuwa na njia ya kurudi kwao. Wapo waliolazimika kupanga chumba haraka haraka, kwa mtu wasiyemjua, katika mtaa ambao mzazi hajawahi kuuona. Tazameni hatari ilivyoingia hapo, hasa kwa msichana: ilipitia mlangoni, kwenye kibao cha saa za kufunga mpaka.

Hata kabla ya hapo, Ebola ilifika Goma Julai 2019. Agosti mosi mpaka ukafungwa kwa saa kadhaa, na walioamka upande mmoja wakiwa na darasa upande wa pili wakabaki wamesimama. Machi 2020 ikaja korona, mipaka ikafungwa kwa watu wa kawaida. Na tusidhani ni Goma peke yake. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, serikali yetu ikawashauri Wanyarwanda wasiende Uganda, na mpaka ule ulifunguliwa tena Januari 31, 2022. Mnyarwanda aliyeanza mwaka wa kwanza Kampala mwaka huo wa 2019, shahada ya miaka 3, angekaribia kumaliza masomo Gatuna ingali imefungwa. Kampala haikuwa na vita. Mvutano wa wakubwa ulitosha.

Hilo ndilo fundisho ambalo mji wetu unaweza kuufundisha ulimwengu. Msikilizaji, usipime nchi tu. Pima mlango wa kurudia. Mtoto akikwama, anatoka vipi, kwa karatasi gani, kwa pesa ya nani, na ni nani atakayepokea simu yake?

Tuondoke mpakani twende mbali. Februari 24, 2022, vita vilipoanza Ukraine, nchi ile ilikuwa na maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika. Wengi walivutwa na vyuo vya udaktari vyenye ada nafuu. Wazazi wao walipouliza kama kuna usalama, waliambiwa ni Ulaya, na hawakudanganywa: miji ile ilikuwa na tramu, maabara na bweni lenye joto. Kisha vikaja vita. Walioweza waliwahi treni za kwenda magharibi, na mipakani baadhi yao wakasukumwa nyuma ya foleni kwa rangi ya ngozi yao, hadi Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani Februari 28. Katika mji wa Sumy, karibu na mpaka wa Urusi, wanafunzi wa kigeni walikwama chini ya mabomu hadi walipotolewa Machi 8. Mzazi gani angeliona hilo mwaka 2019, wakati anauza kiwanja ili mwanawe akawe daktari? Hakuna. Wala wazazi wa vijana 2 wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo hawakuweza kuiona Oktoba 7, 2023, na vijana wale wote wawili waliuawa. Wala waliofungiwa mabwenini Wuhan, China, kuanzia Januari 23 hadi Aprili 8, 2020, hawakuchagua mji wa ugonjwa. Walichagua mji wa vyuo.

Hizo ni hatari za aina ya kwanza. Zinaanguka juu ya mwenyeji na mgeni, nasi hatuna uwezo wa kuzizuia. Tunachoweza ni kupunguza makali yake: pasipoti iwe mkononi mwa mwanafunzi, ubalozi uwe na jina lake na namba yake, na mfuko uwe na nauli.

Ipo aina ya pili, na hiyo huchagua. Humtafuta aliye peke yake.

Mwaka 2016, katika mji wa Bengaluru, India, mtu mmoja wa nchi nyingine ya Afrika aligonga na kuua mama mmoja kwa gari. Baadaye kidogo mwanafunzi wa kike wa Kitanzania akapita hapo, hana habari. Kundi la watu lenye hasira likamshambulia na kumdhalilisha, kwa kuwa tu alikuwa Mwafrika. India wapo wanafunzi wengi wa Rwanda, nao wanasoma na kurudi na shahada zao. Siwaambii mzuie watoto kwenda India. Nawaambia aliyetangulia India ndiye anayejua mtaa upi upangwe na upi uepukwe, usiku utembee na nani, na chuo kipi kina ofisi ya wageni inayofanya kazi. Elimu hiyo haimo kwenye barua ya udahili.

Twende Urusi. Mtanzania mmoja alikwenda Moscow kusoma shahada ya uzamili. Mwaka 2022 akahukumiwa kifungo. Akiwa gerezani akaahidiwa msamaha kama angekubali kupigana katika kundi la mamluki la Wagner huko Ukraine. Akakubali. Oktoba mwaka huo huo akauawa, na Januari 2023 serikali ya Tanzania ikawaeleza wananchi jinsi ilivyotokea, mwili ukiwa njiani kurudi. Mwanafunzi aliondoka na vitabu, akarudi kama askari wa vita visivyomhusu.

Na hili ndilo la kuwaamsha wazazi wa mabinti. Katika Tatarstan, huko huko Urusi, kuna eneo la viwanda liitwalo Alabuga. Mpango wake, Alabuga Start, ulitangazwa mitandaoni kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22: kazi pamoja na mafunzo, tiketi ya ndege, mshahara mzuri, lugha mpya. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi: wasichana kutoka Afrika, wakiwamo wa Rwanda, Uganda na Kenya, walifika huko wakajikuta wanaunganisha droni za vita. Na adui wa vita hivyo aliijua anwani yao. Aprili 2024 droni zilizotumwa na Ukraine zilipiga bweni la pale, wakajeruhiwa watu. Binti hakupelekwa vitani kwa nguvu. Alijaza fomu kwenye simu yake, na pengine nyumbani walishangilia.

Wasikilizaji, hapo ndipo kasoro yetu ilipo. Woga wetu mwingi tunaumalizia kwenye hatari ya kwanza, ile ya volkano na vita, ambayo hatuwezi kuizuia. Inapokuja ya pili, ile inayobisha hodi kwa barua nzuri na tiketi ya bure, woga umekwisha. Tunasema "Mungu amejibu." Baba anayemkataza mwanawe kwenda Goma kwa sababu ya bunduki anaweza kumruhusu kwenda mahali asipopajua hata jina, kwa sababu tu kuna ndege na kuna neno "ufadhili."

Basi tufanye nini? Nitataja mambo manne, na yote yanaweza kufanywa na mzazi ambaye hajawahi kupanda ndege.

La kwanza ni chuo chenyewe. Kipo? Kinatambuliwa na nchi yake? Na shahada yake itatambuliwa hapa? Rwanda tuna Baraza Kuu la Elimu ya Juu, HEC, ndilo linalolinganisha shahada za nje na za kwetu. Nenda ukaulize kabla ya kulipa, usingoje mtoto arudi na cheti kisichofungua mlango wa kazi. Minervali, yaani ada, ya miaka 4 iliyolipwa kwa chuo kisichotambuliwa nayo ni ajali, hata kama hakuna aliyeumia mwili.

La pili ni nani analipa, na anataka nini. Ufadhili wa kweli una mkataba unaosomeka. Kama kuna kazi ndani yake, mkataba utaje kazi gani, saa ngapi, kwa mshahara gani. Ukiletwa kwa lugha ambayo mtoto haisomi, usiguse kalamu mpaka umpate wa kukusomea. Na wakala akisema nafasi inafungwa leo jioni, mwache aifunge. Haraka hiyo ni yake, si ya mwanao.

La tatu ni ubalozi. Nchi yetu ina ubalozi huko? Kama haina, ni ubalozi wetu upi, katika nchi jirani, unaoishughulikia? Vipo vyuo vinavyotafuta wanafunzi wa Kiafrika kwa bidii huko Cyprus ya Kaskazini, eneo ambalo Uturuki peke yake ndiyo inayolitambua kama nchi. Pasipo kutambuliwa hapana balozi. Mtoto akipata matatizo pale, mlango wa kugonga uko mbali. Anaweza kwenda, lakini aende akilijua hilo. Na popote aendako, ajiandikishe ubalozini wiki ya kwanza, kabla hajatafuta laini ya simu ya bei nafuu.

La nne ni watu. Nani wa kwetu yuko pale sasa hivi, kwa mwaka huu? Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mtoto wa jirani kufaulu Poland hakuna maana kwamba wako atafaulu. Lakini mtoto huyo huyo wa jirani anaweza kukueleza ukweli wa mtaa, wa baridi, wa kodi ya chumba, wa polisi. Mpigie. Usimuulize kama anafurahi, maana atasema ndiyo ili mama yake asilie. Muulize analipa kodi kiasi gani, anarudi chumbani saa ngapi, na mara ya mwisho alipougua alikwenda wapi.

Hayo yote yanahitaji muda na salio la simu tu. Lipo la tano, na sikulihesabu pamoja na yale manne, kwa kuwa si la kuuliza ofisini. Ni la sebuleni kwako.

Mnajua jinsi tunavyowaaga watoto wetu. Tunauza shamba, tunauza ng'ombe, ukoo mzima unachanga, kanisa linaombea, msikiti unasoma dua. Kisha tunamwambia: "Nenda, usituangushe." Tunasema kwa upendo. Lakini fikirini kijana huyo anapofika na kukuta chuo hakipo, au kazi si ile, au mwenye nyumba ameshika pasipoti yake. Njia ya kurudi ipo, ndege zipo. Kinachomzuia ni ile sentensi. Anajiuliza atarudije mikono mitupu wakati shamba limekwenda. Anakaa. Anasema uongo kwenye simu. Anakubali kazi asiyoitaka, halafu mbaya kuliko ile. Aibu imefunga mlango ambao hakuna askari wa mpaka aliyeufunga.

Sisi wa Gisenyi tunafahamu vizuri kuliko wengi kwamba kurudi nyuma kwa muda si kushindwa. Wangapi kati yetu tumekimbia na vikapu kichwani, kwenda au kuja, na kesho yake tukarudi kufungua duka? Mwanafunzi aliyerudi kutoka Sumy bila cheti aliweza kuanza upya mahali pengine, maana alirudi akiwa hai.

Kwa hiyo mzazi unayesikiliza, mruhusu mtoto akasome. Goma kama mpaka unaruhusu na saa za kurudi zinajulikana, Kampala, Bengaluru, au mbali zaidi. Elimu ni bahari, na hakuna aliyejifunza kuogelea sebuleni. Fuatilia yale manne, bila haraka na bila aibu ya kuonekana mshamba mbele ya wakala. Na kabla hajapanda basi la kwenda Kigali kupanda ndege, mkalishe chini umwambie mbele ya ukoo wote waliochanga: "Ukiona mambo si kama tulivyoambiwa, rudi. Shamba tulishaliuza, hatutakudai." Mwambieni leo, mngali mko naye nyumbani.